Kukua Kiroho Kabla ya Julai

Jumatatu, 3 Juni

Ripoti zimerudi. Kigiriki nimepita. Historia ya Kanisa nimepita vizuri. Kwenye malezi ya kiroho Mchungaji Mkwinda, mlezi wetu hapa chuo cha uchungaji, ameandika: "Wongani ana kipaji cha kusema. Kiroho, bado anakua."

Nimemfuata ofisini kumuuliza kama hiyo ni sifa. Amesema ni maelezo tu. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuwa amemaliza kukua ifikapo Julai. Akavua miwani, akaifuta, akanitazama bila miwani, nadhani ili asinione vizuri. Akasema tukaliombee jambo hilo. Kila mtu kwake.

Julai ni muhimu. Ndipo umoja wa wanawake wa kanisa letu unapokutana Mangochi, kando ya ziwa, kina mama wa kusini kote na sare zao, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu huwahubiria. Mkwinda ndiye anayemchagua. Mkwinda ndiye pia anayeiandikia sinodi nani awekewe mikono ya uchungaji mwakani na nani asubiri kwanza. Mama yangu kule Mzimba ameshashona gauni la sherehe. Ameniambia nisimwaibishe yeye wala gauni.

Mpinzani ni mmoja tu. Fyson Namalomba, ninayekaa naye chumba kimoja. Mzaliwa wa Phalombe, maneno machache. Tangu arudi kumzika mama yake mwezi wa tatu amezidi utakatifu. Kwenye ibada ya asubuhi huinamisha kichwa akabaki hivyo hata baada ya amina ya mwisho. Wiki iliyopita Mkwinda alimtazama akasema, mimi nikisikia, "Pale pana kina."

Mimi pia nina kina. Tatizo hakionekani. Kuanzia kesho kitaonekana.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kimya. Baada ya ibada nilibaki nimeinama kama Fyson. Nia yangu ilikuwa ainuke yeye kwanza. Hakuinuka. Manyunyu ya chiperoni, ule ukungu wa majira ya baridi, yalikuwa yanaingia mlangoni, baridi kali, nikajifunika koti kichwani, jambo ambalo naamini lilinipa sura ya nabii. Nikamwaza Mungu kwa muda mzuri. Kisha nikaiwaza Mangochi. Kisha samaki wa Mangochi.

Nimeamshwa na kwaya. Walikuwa wamekuja kufanya mazoezi, wamesimama mstari, wananitazama. Kiongozi wao akaniuliza kwa upole kama waanze kuimba au wanisubiri nimalize. Nikamwambia kuna kuugua kusikoweza kutamkwa. Akasema kwangu kulitamkika, tena kwa besi.

Fyson alikuwa ameshaondoka. Hakuna ajuaye nani aliinuka kwanza. Nimeihesabu kuwa sare.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili: kufunga. Jana nilifunga kutwa nzima na hakuna hata mtu mmoja aliyejua. Hasara tupu. Najua tumeagizwa tukifunga tuoshe uso na kupaka mafuta, tusijionyeshe. Niliosha uso vizuri mno, hapo ndipo nilipokosea.

Kwa hiyo leo nimekwenda bwaloni kutokula. Nikakaa meza ya katikati, mbele ya sahani tupu, nikatazama mbali.

Mama Nakhumwa, mpishi wetu, akaja akanishika shingo kwa mkono unaonuka vitunguu. Akasema nina homa. Nikasema sina. Akasema basi kuna msichana ameniacha. Bwalo likacheka. Nikasema kwa sauti ya chini, ila ya kufika meza ya walimu, kwamba nafunga.

"Anayefunga haji kukaa kwenye chakula cha watu, mwanangu," alisema. Akaleta uji wa karanga, akanisimamia na mwiko wake mpaka nikamaliza. Alisema hayuko tayari kupeleka maiti Mzimba.

Samaki wa fungu langu ameliwa na Fyson. Aliniomba kwanza, sikatai. Lakini mtu anayefunga utamjibu nini anayekuomba samaki?

Mkwinda alipita akaliona bakuli la uji. Akasema anafurahi kuona naendelea kukua.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu: mlima. Juu kidogo ya nyumba ya Mkwinda kuna mwamba. Mtu mwenye kifua akiombea pale alfajiri husikika hadi sebuleni kwake. Nikapanda na mkoba: Biblia, blanketi, na ndizi, kwa kuwa kufunga nimekurekebisha kuwe kwa nusu siku.

Niliomba kwa sauti. Niliiombea sinodi, taifa, mavuno, na ukuaji wa kiroho wa Wongani Gondwe. Jina la ukoo nililitaja mara kadhaa. Mlimani sauti hupotea.

Nilipofumbua macho nyani alikuwa amekalia Biblia yangu anamenya ndizi. Nikamkemea kwa jina la Bwana. Akachukua ya pili. Wakaja wenzake. Nikashuka. Sikukimbia, ni vile njia yenyewe ina mteremko.

Mkoba wameupeleka juu ya paa la Mkwinda na kuufungulia huko. Mkewe alikuwa uani na fagio, anawafukuza, maganda yanamwangukia.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unalia tangu alfajiri?" akaniambia. "Mimi nilidhani fisi kanasa."

Nikamuuliza mchungaji naye alidhani nini. Akasema mchungaji amelala Blantyre, anarudi kesho.

Fyson ndiye aliyekuja na ngazi akaniteremshia vitu vyangu. Biblia imepungukiwa Mambo ya Walawi. Nilitegemea atanicheka, nami nilikuwa nimeshaandaa jibu zito. Hakucheka. Alinikabidhi blanketi akaenda zake. Hata kucheka hacheki, mtakatifu huyu.

Jumapili, 9 Juni

Habari za nyani zimeenea. Mtu ameweka ndizi juu ya kiti changu kanisani. Nimeila. Sina mpango wowote leo.

Jumatatu, 10 Juni

Baada ya chakula cha mchana nimemkuta Fyson anakunja mashati. Sanduku lake la bati liko wazi kitandani. Nikamuuliza ana safari gani.

"Naondoka, mchungaji," akasema. Hapa sote tunaitana mchungaji. Ni utani na ni tumaini.

Anarudi Phalombe kulima mbaazi na baba yake. Amesema tangu amzike mama yake hajaweza kuomba. Hata mara moja. Akiinamisha kichwa hakuna neno linalokuja.

Nikamuuliza, na kile kimya chote cha asubuhi je? Kile kina?

"Kina gani, ndugu yangu? Patupu mle. Huwa nasubiri watu watoke, nisionekane usoni."

Watu walimsifu tangu msibani kwamba ana nguvu, akaona aibu kusema hana. Ameniambia mimi kwa sababu, katika chuo kizima, mimi ndiye asiyeweza kushtuka. Bado sijajua nilipokee vipi hilo.

Nimemwonea huruma. Kweli kabisa. Nimeona pia kwamba Fyson akiondoka, wa mwaka wa tatu anayebaki na sauti ya kuhubiri, ukiniacha mimi, ni Chisale, naye Chisale anaogopa wanawake. Huruma na hesabu zilikuja pamoja, nikashindwa kuzitenga. Nikamwambia mtu lazima afuate dhamiri yake. Nikamwambia nitambebea sanduku.

Jumanne, 11 Juni

Tumetoka baada ya uji. Mkwinda hakuambiwa, Fyson alitaka kumpigia simu akishafika kwao. Sikumshauri vingine.

Sanduku limejaa vitabu vya ufafanuzi wa Maandiko. Ningejua ningemshauri awaachie wanaobaki.

Basi la Phalombe halikuwepo. Tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga chipsi pembeni mwa stendi, tukaagiza sahani moja na kabichi. Fyson kimya. Mimi kimya cha mtu mwingine kinaniwasha. Nikamsimulia habari ya kwaya. Nikamsimulia upya habari ya nyani, ingawa ngazi aliishika yeye. Hadithi zikaniishia na basi bado.

Hapo ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimeliandaa. Nilisema mimi pia siombi. Nasema, tena nasema vizuri, lakini sikio moja liko nje kila wakati, linaangalia nani ananisikia. Tangu nifike chuoni sikumbuki kumwambia Mungu neno hata moja ambalo nisingependa Mkwinda alisikie. Kule kwenye mwamba, nikamwambia, nilimtajia Mungu mpaka jina la ukoo.

Fyson akaacha kutafuna. "La ukoo?"

Nikasema ndiyo. Ili wasinichanganye na mwingine.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika benchi. Kisha, sijui ni wapi hasa palipogeukia, kicheko kikawa kilio, kile cha mabega. Mimi nina mistari ya Biblia ya kila hali, nimeikariri. Haukuja hata mmoja. Nikamshikia sahani.

Akasema, macho wazi, akitazama barabara: "Mungu, mama amekufa." Kisha akasema, "Nilikuita na hukuja."

Nikageuka kuona nani amesikia. Ni mwenye chipsi peke yake. Aliacha kugonga kikaangio, akatuongezea kabichi bila kuombwa.

Basi likaja. Kondakta akaita Phalombe, Phalombe. Fyson alilitazama kwa muda, akasema ameshiba mno, hawezi kukaa ndani ya basi hali hii. Likaondoka. Tukashika sanduku, yeye upande huu, mimi upande ule, tukarudi.

Kupanda ni kuzito kuliko kushuka. Tulipofika getini ndipo nilipokumbuka kwamba Mangochi nimeipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Njia nzima sikuwa nimeiwaza. Sijui ilikuwaje.

Jumatano, 12 Juni

Mkwinda ameniita. Fyson amemweleza yote, hadi kabichi. Nilijiandaa kwa shutuma ya kumsindikiza mtu atoroke chuo. Akavua miwani.

"Gondwe, hili ni jambo la kwanza ulilolifanya hapa bila kuja kuniambia."

Nikasema nilikuwa njiani kuja. Akasema hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, na sauti yake haikuwa ya darasani.

Fyson atahubiri Mangochi. Amekubali. Atawaambia kina mama habari za mama yake, kwa ufupi anaoutaka yeye. Mimi nitakwenda naye, nikae karibu, ili maneno yakimkatikia awe na mtu wa kumtazama. Nikauliza kama nitasema lolote. Hapana, nitakaa. Nikauliza nitakaa jukwaani au chini. Akasema chini, Wongani.

Nikamuuliza, kwa kuwa tumefika hapo, na sinodi je. Akasema ataiandikia kwamba nimewahi kumshikia mtu sahani. Sikuelewa kama hiyo inatosha kuwekewa mikono. Amesema mara nyingine ndiyo kazi yenyewe.

Nilitoka na machozi. Ya kweli. Hapakuwa na mtu nje. Niliangalia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetulia nikayatafakari yote haya, na jambo liko wazi. Kilichowagusa watu ni ukweli. Fyson alilia. Mkwinda alinishika mkono. Yule mama wa chipsi alitoa kabichi ya bure. Miaka mitatu nimekuwa nikiwaonyesha watu nguvu, kumbe walichokuwa wanakitaka ni udhaifu. Hakuna aliyeniambia. Ningeanza mwaka wa kwanza.

Nimeomba nafasi ya ushuhuda ibada ya Jumapili. Wamenipa. Nitasema yale yale niliyoyasema pale stendi, ila nimeyapanga upya, kwa sababu pale niliyatoa ovyo. Habari ya sikio moja inakuja mapema, kwa sauti ya chini, nikiwa nimetazama sakafu. Kisha kimya. Kisha jina la ukoo, wacheke kidogo. Kisha nashindwa kuendelea. Nimejaribu kushindwa kuendelea mbele ya kioo, naona upande wa kushoto ni bora zaidi, dirisha liko huko.

Leo mchana kwenye mazoezi nimemweka Fyson kiti cha nyuma kanisani, ainue mkono sauti yangu ikipotea. Aliinua mara moja. Nilidhani ni sauti. Alitaka kuuliza kama siku hiyo Mungu naye atakuwa anasikiliza.

Nikamwambia bila shaka, na walimu wote watakuwepo.

Akacheka tena. Siku hizi anacheka sana, hata kwenye mambo mazito. Na ameanza kuomba. Nimemsikia asubuhi hii akifunga viatu, maneno matatu manne, nusu ni lawama, katikati akasimama kutafuta soksi, akaendelea. Mwanzo hauna, mwisho hauna, hata amina alisahau.

Ni mkweli, sikatai. Lakini ukweli wake hauna mpangilio. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kabla ya Mangochi nitamfundisha.