Nimemfuta Festus

Jumanne, 3 Juni 2003

Festus ni nyoka! Leo Mzee Abdulatif, mwenye duka la kukodisha mahema na sufuria za harusi hapa Machakos, amesema mbele ya wateja kwamba programu yetu ya kompyuta, ya lugha ya Python, ni kazi ya Festus. Yetu! Nani alileta maktaba ile ya shelve, programu saidizi inayohifadhi kila sufuria na mahali ilipo hata mashine ikizimwa? Mimi! Festus alichapa tu, kisha akakimbilia kazi mjini Mlolongo. Na lile faili la programu nililiita “festus” mimi mwenyewe, kwa heshima ya urafiki. Asante ya punda.

Jumatano, 4 Juni

Nimemfuta. Kila palipoandikwa festus, hata jina la faili, sasa pameandikwa mudi, jina langu. Nikazima mashine, nikaagiza chai na mahamri. Raha!

Alhamisi, 5 Juni

Balaa! Programu imegoma. Eti haijui moduli, yaani faili la programu, iitwayo festus. Hicho ndicho nilichotaka, isimjue! Sufuria zote zimo ndani, hakuna hata moja inayotoka. Na Jumamosi Sumayya, binti ya Mzee, anaolewa, na sufuria kubwa ziko kwa wateja, Mungu ndiye ajuaye wapi.

Mzee akanijia. “Wewe Mudi, hiyo kompyuta iko na sufuria zangu ama haina?” Nikamwambia ziko, ila zimelala. Akasema nisipoziamsha kabla ya sala ya Ijumaa, nitoke dukani kwake, amrudishe Festus.

Nikameza aibu, nikampigia Festus. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nirudishe jina lake, basi. Kumbe ni mtego! Nyoka yule aliutega kabla ya kuondoka. Nikamkatia simu.

Ijumaa, 6 Juni

Bi Rehana, mke wa Mzee, ameniuliza mbele ya wapishi kama pilau itapikwa ndani ya kompyuta. Wakaangua kicheko. Nikapandwa na hasira, nikaipiga teke sufuria iliyokuwa mlangoni. Kidole kimevimba! Sufuria ikapinduka, na chini yake, kwa rangi nyekundu: ABDUL. Alama ile ile ambayo kila mwenye sufuria hupaka ili zisipotelee harusini. Masizi yameipitia, jivu limeisugua, bado inasomeka.

Nikakaa chini. Maktaba nayo hupaka! Kila inachokihifadhi hukiandika jina la faili kilikotoka, na kukiamsha hulitafuta jina lilo hilo. Hapakuwa na mtego. Ni mimi.

Nikaandika tena, meno nimeyauma: festus. Sufuria zikaamka zote! Zile kubwa ziko Ndithini, zilibaki matangani. Lori likaenda kuzichukua. Mzee akafurahi sana. Akasema, “Huyo Festus alifanya kazi safi.”

Nimeumia.

Jumatatu, 9 Juni

Harusi imefana. Pilau nimeila kwa hasira, sahani mbili.

Mzee anataka programu nyingine, ya mahema. Safari hii Festus hatii mguu! Mtu huumwa na nyoka mara moja. Nimeshirikiana na Jeff, jirani yangu, kijana mwaminifu, rafiki wa kufa na kuzikana. Tumeanza leo, na mahema yote yameshahifadhiwa.

Faili nimeliita jeff.