Nilivyomfisha Baba kwa Kalamu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Fomu za mkopo wa wanafunzi wa afya wasio na uwezo zimetoka. Chuo kimetangaza kwamba asiyelipa ada kufikia mwisho wa mwezi hakanyagi wodini. Niko mwaka wa pili wa uuguzi. Najua kufunga kidonda, najua kuchoma sindano, halafu nirudi kukaa sebuleni? Haiwezekani. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Bendeji kwa vile hukubandikia ushauri usiouomba, amejaza fomu yake kwa dakika kumi. Kaandika ukweli mtupu. Maskini, haijui dunia. Mimi nimesikia kwenye foleni ya maktaba kwamba yatima hupewa kwanza. Nimezunguka chumbani mpaka jua likazama. Mwishowe, mbele ya jina la baba, nimeandika: marehemu. Mama nimemwacha hai. Mimi si mkatili.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Ofisi ya mikopo inataka cheti cha kifo. Hilo sikulifikiria. Nimesema kimeliwa na panya. Karani akaandika maneno mengi kuliko niliyosema. Kesho afisa anakuja nyumbani kuthibitisha. Kula siwezi, kukaa siwezi. Nimemwambia baba shangazi anamhitaji haraka, kuna jambo zito la ukoo. Akauliza jambo gani. Nikasema zito mno kusemwa kwa simu. Amekubali kuondoka asubuhi. Mambo yamenyooka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Baba aliondoka saa mbili. Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshaficha kofia yake na viatu vyake, na picha yake nimeigeuza ikatazama ukuta. Mama alikuwa kazini, anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Hakuna wa kuniharibia.

Afisa alifika saa nne, mwanamke mpole mwenye faili nene. Akanipa pole. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nasimulia siku za mwisho za mzee, kwa machozi ya kiasi, mlango ukafunguliwa. Baba. Alikuwa amempigia shangazi simu akiwa njiani. Shangazi hana jambo lolote, zito wala jepesi.

Afisa akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu. Baba akanitazama. Akaitazama ile picha. Kisha akasema, "Marehemu ni mimi. Kaa, mama, nikutengenezee chai."

Aliileta mwenyewe. Nusu ya kikombe ilimwagikia sahani, maana mikono yake hutetemeka. Ndiyo iliyomtoa kwenye ukinyozi miaka mitatu iliyopita. Nani atampa shingo yake kinyozi anayetetemeka na wembe? Afisa aliitazama ile mikono, akaniuliza kwa nini sikuiandika kwenye fomu. Alisema mzazi asiyeweza tena kufanya kazi huhesabiwa sawa na aliyefariki. Akafunga faili, akaaga.

Jioni baba aliniuliza jambo moja tu: nilimuua kwa ugonjwa gani. Nikasema moyo. Akasema moyo wake mzima, mikono ndiyo mibovu. Akaenda kulala hata giza halijaingia. Mimi nimebaki nikitoka na kuingia, kama niliyepoteza kitu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Baba kavaa shati lake zuri, kaenda ofisi ya mikopo bila kuniaga. Aliwaambia mwanawe ni mwongo, lakini vidonda anafunga vizuri. Hata yeye mwenyewe alipojikata, mimi ndiye niliyemfunga kidonda. Nimepewa nusu ya mkopo na barua ya onyo. Kwa nusu iliyobaki, mama atafua na Jumapili. Bendeji kapata mkopo wote. Kanipa pole. Sikuiomba.

Nimemshukuru baba. Akasema afadhali nimemwahi akiwa hai.

Jumanne, tarehe 11 Machi
Nimeapa: sitasema tena uongo kuhusu baba. Somo limeingia.

Leo ubaoni wamebandika fomu za vyumba vya bweni. Wenye ndoa hupewa chumba cha peke yao. Nimejaza: nimeoa. Hapa hakuna aliyekufa, hakuna aliyedhurika. Walitaka na jina la mke. Nimeandika la yule dada wa maabara aliyewahi kunisalimia mara mbili.

Kesho nitamjulisha.