Kibandiko cha Mheshimiwa

Mamlaka ya Uratibu wa Maoni ya Wanunuzi ina furaha kuwatangazia wakazi wote wa Kitengela, Isinya na Mashuuru kwamba ile tabia ya kila mtu kujisemea tu kuhusu supamaketi za bei nafuu imefika mwisho.

Ilikuwa imezidi. Mama mmoja wa Kitengela alisema mchele wa supamaketi ya Shusha Bei una mawe, na kufikia jioni mawe hayo yalikuwa yamefika Isinya bila kupitia kwa ofisa yeyote. Mwingine akasema sukari yao inashinda ya maduka ya wakubwa, na hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Nchi haiendeshwi hivyo. Ndiyo maana Mamlaka iliundwa, ikapewa ofisi mjini Kajiado, gari, na kaimu mkurugenzi aliyeitwa Bwana Katoo.

Katoo alikuwa amekaimu mpaka watoto wa dada yake wakadhani Kaimu ndilo jina lake la ubatizo. Sasa Mwenyekiti wa Mamlaka, Mheshimiwa Parmuat, alikuwa amemwahidi kwamba uzinduzi ukienda vizuri, ukaimu utaondoka na mshahara kamili utaingia. Mkewe Yvonne alikuwa ameshawaambia wanakwaya wote. Hapo tena hakuna kurudi nyuma.

Kanuni alizitunga mwenyewe, na alizionea fahari. Maoni yaligawanywa mafungu mawili: ya ubora na ya thamani. Aliyetoa ya ubora asitoe ya thamani siku hiyo hiyo. Mtu akisema, "Ni rahisi, lakini unga wenyewe ni mzuri," huyo ametoa maoni mawili kwa pumzi moja, na hilo ni kosa. Tena mdomo usitumike. Mnunuzi angepewa kibandiko, akibandike kwenye bidhaa iliyomridhisha, aende nyumbani. Ambaye hakuridhika hakutengewa kibandiko, maana bajeti ilikuwa finyu.

Tatizo likawa rangi. Kamati ilijifungia hotelini, ikala mbuzi, ikajadili. Nyekundu ilikataliwa kwa sababu inachochea. Kijani ilikuwa ya mpinzani wa Mheshimiwa, ambaye mwaka ujao wangegombea naye kiti kimoja. Bluu ilisemekana inaleta baridi.

"Manjano," akasema Mheshimiwa Parmuat, akichokonoa meno. "Rangi ya jua. Rangi ya matumaini. Kuna mwenye pingamizi?"

Katoo aliinua mkono. Akauteremsha kwenye sinia la mbuzi.

Alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale mezani aliyelijua. Ndani ya Shusha Bei, manjano ina kazi yake. Kila Jumanne mhudumu hupita kwenye rafu akibandika karatasi za manjano kwenye mikate, maziwa na soseji ambazo tarehe zake zinakaribia kuisha, na bei hukatwa nusu papo hapo. Kitengela nzima inajua. Ukiona manjano unabonyeza, unanusa, unauliza inaisha lini, na ukinunua unakula leo.

Na Katoo alijuaje? Hilo ndilo swali aliloogopa kuulizwa. Maofisa wa Mamlaka walikatazwa kununua huko. "Rahisi ni ghali," Mwenyekiti alipenda kusema, na wote walitakiwa kwenda kwenye ile supamaketi yenye milango ya kioo inayojifungua yenyewe. Lakini mshahara wa kaimu hauijui milango hiyo. Basi kila Jumanne Katoo alivua beji, akavaa kofia, akapanga foleni kwenye laini ya mkate na kina mama. Akitoka alihamishia kila kitu kwenye mfuko wa ile supamaketi ya kioo, mfuko mmoja aliouhifadhi tangu Krismasi, kisha akampita mlinzi wa ploti yao jina la duka hilo likiwa mbele. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kukaimu.

Kwa hiyo alinyamaza, na manjano ikapita kwa kauli moja. Gundi aliichagua yeye, ile kali kabisa, ili maoni ya wananchi yasibanduke ovyo.

Uzinduzi ulipangwa mbele ya Shusha Bei, Kitengela, na kwa kuwa hakuna ofisini aliyeuliza siku ya karatasi za manjano ni ipi, ulipangwa Jumanne. Hema likasimamishwa, vumbi likamwagiwa maji, kina mama wakafika na vikapu vyao. Mheshimiwa Parmuat alishuka garini akiwa na kibandiko cha manjano kifuani, kikubwa kama sahani, kimeandikwa NIMEKUBALIWA.

Watu walikitazama kibandiko. Kisha mtu akakohoa. Kisha leso nyingi zikapanda kwenye midomo kwa wakati mmoja.

"Wananchi wameguswa," Mheshimiwa akamnong'oneza Katoo.

"Sana, Mheshimiwa," Katoo akajibu, na shati likamganda mgongoni.

Ajuza mmoja aliyeitwa Koko Naeku, yaani Bibi Naeku, alijivuta mpaka mbele. Mheshimiwa alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi, lakini mila ya kwao Umaasaini hakuisahau. Akamwinamishia kichwa ili apate baraka.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia Koko Naeku. Hakumgusa kichwa. Alimbonyeza mkono kwa kidole gumba, hapa na pale, kisha akainama akamnusa begani.

"Unatafuta nini, koko?"

"Naangalia kama bado iko laini."

Hema likatikisika kwa kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, maana mwanasiasa hucheka kwanza, sababu huiuliza baadaye. Akashika kipaza sauti.

"Akina mama, hii rangi mnaionaje?"

"Iko tu sawa, Mheshimiwa," akasema Kavutha, ambaye huuza muthokoi, mahindi ya kukoboa, karibu na steji ya matatu. "Sasa wewe unaisha lini?"

"Naisha?"

"Tarehe. Hatuoni tarehe."

Mheshimiwa aligeuka taratibu. "Katoo, hawa wanasema nini?"

"Ni maoni ya awali, Mheshimiwa. Hayajachakatwa."

"Ai, kwani Katoo hajui?" Kavutha akashangaa, kwa moyo mweupe kabisa. "Si huyu huwa tuko na yeye hapa kila Tuesday, laini ya mkate? Last week nilimwekea nafasi akaenda kutafuta maziwa. Katoo, ama leo umevaa tai ndiyo usitujue?"

Wanakamati wote walimtazama. Katoo aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alimfikiria Yvonne na wanakwaya. Akaufikiria ule mfuko wa Krismasi, ambao mkono wake mmoja ulishaanza kukatika. Ghafla akachoka nao.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa manjano ni nusu bei. Hubandikwa kwenye kitu ambacho siku zake zinaisha."

Mheshimiwa alishika kibandiko akavuta. Koti likaja, kibandiko hakikuja. Akavuta tena, uzi ukalia. Gundi ilikuwa imefuata kanuni.

Lakini mwanasiasa ni paka, ukimtupa huangukia miguu. Parmuat aliachia koti, akatabasamu, akainua mikono.

"Ndiyo! Nusu bei! Mimi ni kiongozi wa bei nafuu, mtu wa mwananchi wa kawaida! Kwa hiyo mwaka ujao, mama, si mtanichukua?"

Kavutha alimwangalia kuanzia viatu hadi kichwa, jinsi anavyoangalia mkate.

"Mheshimiwa, usiskie vibaya. Ya yellow ni ya kula leo. Haiwekwi mpaka mwaka ujao. Na hata kwa hiyo nusu bei, mtu hubonyeza kwanza, na Koko amekubonyeza akakurudisha."

Safari hii hakuna aliyetafuta leso. Walicheka mpaka dereva wa Mheshimiwa akageuka kuangalia upande wa Isinya, mabega yakimtikisika.

"Katoo!" Mheshimiwa akafoka. "Wewe ndiye mkurugenzi! Hayo ni maoni ya ubora au ya thamani?"

Katoo alivua beji, akaiweka polepole juu ya meza ya wageni waheshimiwa. Akachukua kikapu.

"Yote mawili, Mheshimiwa," akasema. "Kwa pumzi moja."

Kisha akaingia Shusha Bei bila kofia. Kavutha alikuwa ameshatangulia kwenye laini ya mkate, amemwekea nafasi.