Kompyuta Mbili Zilizonuniana

Jumatatu, 15 Machi 1999

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa Krismasi, na hata siku hiyo niliacha sentensi katikati kwa sababu Wegesa alikuwa anatapika. Sasa binti yangu ana miezi minane. Anatambaa. Anakula karatasi. Usingizi siujui tangu azaliwe. Kwa hiyo wewe usininunie, wanaoninunia wananitosha kazini.

Habari ni nzito. Leo asubuhi Mzee Mayala ametuita wawili, mimi na Getruda. Mzee ndiye mwenye duka la vifaa hapa mtaa wa Mukendo: nyavu, saruji, misumari, makufuli. Mimi nakaa mbele dukani. Getruda anakaa stoo, ng'ambo ya uwanja. Mtu akiulizia kitu inabidi nikimbie stoo kuangalia kama kipo, mtoto mgongoni, narudi nahema kama nimetoka Bunda kwa miguu.

Mzee kachoka. Amenunua kompyuta mbili kuukuu Mwanza. Anataka ya duka iulize na ya stoo ijibu, yeye akae anywe chai. Kila mmoja wetu aandike programu ya upande wake. Ijumaa anakuja kuzijaribu. Atakayeshindwa, kwaheri. Siku hizi za soko huria, kasema, hawezi kulisha makarani wawili.

Mimi nikifukuzwa najua ninakokwenda. Butiama, kwa mama mkwe, kulima mihogo na kuambiwa kila asubuhi kwamba jembe nalishikaga kama kijiko. Mume wangu Lukas anavua Majita. Anakujaga Jumamosi na furu kidogo na pole nyingi.

Siendi Butiama! Nina cheti cha kidato cha nne na cha taipu. Halafu nina kaka Apolinary, mtoto wa mama mkubwa, fundi kompyuta Mwanza. Ametuma somo la kurasa kumi na mbili. Mzee amelitoa kopi mbili. Ya Getruda imebanwa pini vizuri. Yangu haina pini. Nimeliona hilo.

Jumanne, 16 Machi

Nimesoma mchana huku nanyonyesha. Jambo lenyewe si gumu! Soketi ni dirisha. Anwani ni jengo, poti ni namba ya dirisha. Sisi tumepewa 5000. Seva anafungua dirisha lake, anakaa, anasikiliza. Mteja anakuja anabisha hodi. Seva anamkaribisha, ndipo mazungumzo yanaanza.

Hili nalijua tangu mwaka themanini na tatu. Duka la kaya, Bunda. Mama kanishika mkono, foleni tangu alfajiri, dirisha moja, bwana mmoja nyuma yake. Tofauti ni kwamba kompyuta haikwambii sabuni imekwisha huku unaiona.

Getruda kapewa useva. Mimi mteja. Sawa.

Mkasa: Wegesa kala ukurasa wa tisa. Alikuwa kimya ndani ya katoni ya nyavu, nikadhani amelala. Nimemfungua mdomo kwa vidole viwili, nikaokoa kipande chenye neno moja, "kwanza". Nimemchapa kidogo kwenye nepi, nikambusu, tukalia wote. Lakini ukurasa mmoja kati ya kumi na mbili hauwezi kuwa wa maana hivyo.

Getruda anao wa kwake mzima. Nitamwombaje? Hatusalimiani tangu Januari. Yeye anasema alianza kazi miezi miwili kabla yangu, kwa hiyo mimi ndiye wa kumwamkia. Mimi nimezaa, yeye hajazaa. Mama wa mtu anaamkiwa, hata mbuzi wa mtaani kwetu Kitaji wanajua. Basi kila asubuhi tunapishana uwanjani kama nguzo mbili za umeme.

Jumatano, 17 Machi

Fundi aliyeletwa na Mzee amevuta waya kutoka dukani hadi stoo, juu ya uwanja. Mweusi, umekaza vizuri, jua lote liko pale. Sikuona kosa kuanika nepi sita.

Saa tano mawasiliano yakakatika. Uzito wa nepi umeng'oa kiungo nyuma ya mashine yangu! Getruda kasimama mlangoni mwa stoo, akamwambia fundi kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba kuna watu wakipewa teknolojia wanaitafutia vibanio vya nguo. Nami nikamwambia fundi kuna watu wangekuwa na mtoto wangejua jua la Machi halichezewi, mvua inanyesha saa yoyote. Fundi kaomba tumwache afanye kazi. Vile vizibo vya mwisho wa waya, terminata, kimoja kimepasuka. Kakifunga kwa gundi ya karatasi.

Sasa hila yangu. Programu nzuri inaanza kwa salamu, haiwezi kuvamia tu kama mgambo. Nimeiandika yangu hivi: inabisha hodi, inakaribishwa, halafu INASUBIRI KUAMKIWA. Ikipata SHIKAMOO inajibu MARAHABA, ndipo inauliza bidhaa. Getruda atalazimika kuniamkia mbele ya Mzee, japo kwa waya. Nimecheka peke yangu hadi Wegesa akacheka.

Alhamisi, 18 Machi

Mzee hakuweza kungoja Ijumaa. Alikuja saa nne, na dukani alikuwepo Ryoba, mvuvi, anataka nyavu. Mzee akaniagiza niulize stoo kwa mashine.

Nikabonyeza. Hodi imepita! Imekaribishwa! Kwenye kioo changu: IMEUNGANA. Mzee kapiga makofi.

Halafu kimya.

Tukangoja. Ryoba akakalia mfuko wa saruji. Nikamzuia Wegesa kwa mkono asilambe waya. Kimya. Stoo nako kimya. Mzee akapiga kelele kumuuliza Getruda kulikoni. Getruda akajibu kwamba kwake kila kitu kiko sawa, yeye anasubiri tu upande wa pili uonyeshe adabu.

Kumbe! Na yeye kaiandika hivyo hivyo! Mashine yake imekaa inangoja kuamkiwa na yangu, na yangu inangoja kuamkiwa na yake. Hakuna iliyoharibika. Zimenuniana.

Ryoba akasema kwao wake wenza wakifikia hapo mzee anauza ng'ombe mmoja aoe wa tatu. Akaondoka bila nyavu, kasema atarudi kesho. Mzee kamwita Getruda, katuangalia mmoja mmoja, akaondoka. Hiyo ndiyo mbaya.

Nimewaza Butiama. Nimewaza jembe. Nikafuta. Sasa programu yangu ndiyo inayoamkia kwanza, sina jinsi, mtoto anakula. Ila marahaba yake siitaki. Inatupa SHIKAMOO, haisubiri jibu, inaingia moja kwa moja kwenye kuuliza. Salamu ya kupita njia.

Ijumaa, 19 Machi

Siku ya aibu. Nitaiandika haraka.

Mzee kavaa koti. Ryoba karudi. Matiko pia yupo, fundi mwashi kutoka Butiama, anataka mifuko sitini ya saruji. Sitini!

Nikabonyeza. Imeungana. Nikauliza nyavu. Jibu likaja mara moja: SHIKAMOO. Ryoba akaitikia marahaba. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani Getruda kashindwa.

Nikauliza saruji. Jibu: HAIPO. Mzee kashangaa. Lakini kioo ni kioo, na ndiye aliyekinunua. Akamwomba Matiko radhi. Matiko akavuka barabara, kaingia duka la jirani.

Nikauliza misumari. Jibu: 12. Mzee akauliza kumi na mbili nini, maboksi au misumari yenyewe?

Nikauliza injini za mtumbwi. Jibu: 200.

Mzee akashika meza. Duka zima tuna injini moja, iko dirishani tangu nianze kazi, ina vumbi la kupandia mchicha.

Akatoka mwenyewe kwenda stoo. Nikamfuata na Wegesa mgongoni. Stoo nzima saruji! Mifuko mia mbili, imejipanga hadi dari. Na kwenye kioo cha Getruda, mstari wa kwanza kabisa: SHIKAMOO: HAIPO STOO.

Nikaelewa nikiwa nimesimama pale. Getruda naye jana aliogopa. Naye kabadilisha. Naye anatupa SHIKAMOO na hasubiri jibu! Kwa hiyo salamu yake nimeipokea kama jibu la nyavu. Salamu yangu yeye kaidhani bidhaa, kaitafuta kwenye orodha, hakuiona, kajibu haipo, nami nikaipokea kama jibu la saruji. Tangu hapo kila jibu lilikuwa la swali lililopita zamani. Nyavu ndizo kumi na mbili. Saruji ndiyo mia mbili. Tulikuwa tunajibizana sahihi kabisa, tumepishana tu kama uwanjani.

Mzee alikaa juu ya saruji yake. Alizungumza taratibu. Kasema mashine ni zake na haziwezi kurithi ugomvi wa watu. Kasema anatupa wiki moja. Ijumaa ijayo zikishindwa kuongea kwa heshima tunaondoka wote wawili, yeye anauza kompyuta ananunua filimbi.

Getruda alilia. Nilitaka kumpa kanga yangu afute. Nikakumbuka maneno yake ya nepi, nikaacha.

Jumapili, 21 Machi

Lukas karudi majini. Kaniambia kwa upole niongee na huyo dada, yaishe. Anaongea hivyo kwa sababu anafanya kazi na samaki.

Baada ya misa, hodi mlangoni. Getruda! Katembea toka Nyakato hadi Kitaji na furu kwenye mfuko wa nailoni. Nimemkaribisha. Kaingia. Hapo tukakaa, kila mtu na kiti chake, kila mtu anangoja kuamkiwa. Wegesa ndiye aliyekata shauri, katambaa hadi kwake, kapandishwa, kalala kifuani pake. Msaliti. Mimi nambembelezaga saa nzima.

Getruda kasema ana mama mgonjwa Bunda anayemtegemea. Nilikuwa sijui. Kasema haogopi mihogo, anaogopa dawa za mama kukatika. Nimemwekea chai, sukari vijiko vitatu. Si mtu mbaya, nikisema kweli.

Halafu akatoa ukurasa wa tisa. Mzima, na tundu la pini. Akanisomea polepole, mtoto asiamke: seva husikiliza, mteja ndiye anayesema kwanza, na pande zote mbili ni lazima zikubaliane kabla, nani anasema na nani anangoja, kila zamu. Ndiyo dawa yote. Dakika tano tu. Akasema, na mteja ni wewe, Mama Wegesa. Uniamkie, niitikie, uulize, nijibu.

Nikamwangalia. Alikuwa karibu kutabasamu.

Nimemwambia nitafikiria. Nimemsindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa. Nimerudi, nimefikiria. Nimepata! Ryoba alikuwa sahihi na habari yake ya mke wa tatu. Barua ya kwenda kwa kaka Apolinary itapanda basi la kesho asubuhi. Naiandika hapa kwanza nisisahau kitu:

Kaka, shikamoo. Tunaendelea vizuri sana, mashine zinaongea. Tuma, tafadhali, kabla ya Alhamisi: terminata mbili, mita ishirini za waya (na kamba ya katani ya nepi, huku imepanda bei), sabuni ya mtoto vipande vinne, pini za kubania karatasi boksi moja, na kompyuta ya tatu. Iwe kuukuu kuliko hizi mbili. Iwe ya zamani kweli, ya kukohoa. Nitaiweka katikati ya uwanja chini ya turubai, iwe ndiyo mkubwa wetu, mimi na Getruda tuiamkie sote wawili, pasiwe na aliyemwamkia mwenzake.

Ukurasa wa tisa usitume. Upo.