Pampu, Kompyuta na Vitumbua vya Bi Tabu

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Leo kaja msichana wa takwimu. Jina lake Avelina. Kitambulisho kinaning'inia shingoni kama mbuzi aliyetoka mnadani. Lakini kaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kwa hiyo nimemsamehe vumbi alilonimwagia kwenye mkeka.

Anataka kujua nyumba hii ina watoto wangapi. Nikamwambia watoto wa Mungu hawahesabiwi kama nazi. Akasema basi nimtajie wanaoumwa tu. Hao ndio kabisa! Mtu na akili zake anatangaza ugonjwa wa nyumbani kwake?

Akanieleza taratibu. Majibu ya Mbagala nzima yataingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta itachambua ugonjwa uko wapi na unatokana na nini. Kisha mradi wao utachimba pampu ya maji, moja tu kwa mtaa wetu wa juu na ule wa chini. Itakaa kule ambako matumbo yanaharisha zaidi.

Pampu! Hapo nikamkaribisha chai. Goti langu na kile kisima cha bondeni havielewani tangu masika. Pampu ikija mlangoni kwangu nitachota maji nimekaa kwenye kigoda.

Nimemwomba aje kuandika keshokutwa. Leo, nikamwambia, tumbo linanisokota mno.

Jumanne, 4 Oktoba

Kazi tupu. Nimepita mtaa wetu nyumba kwa nyumba. Wote nimewaambia waharishe.

Jirani yangu Mashaka, mzee mzima na kofia yake, kauliza kwani hao hawatatupima. Nikamwambia wana kompyuta, hawana bakuli. Akasema yeye hajaharisha tangu Uhuru. Basi ataharisha kesho, nikamwambia, kwa faida ya majirani.

Jambo la pili. Wakiulizwa asubuhi wanakula nini, waseme vitumbua vya Bi Tabu. Wote! Hata wasionunua. Maana kuna Kokuberwa wa mtaa wa chini, yule mjane kutoka Bukoba. Kaanza kukaanga maandazi, na anawaambia watu vitumbua vyangu vinakwaruza koo. Koo la nani hilo? Kompyuta nayo ijue nani mpishi hapa Mbagala.

Lulu, mke wa mwanangu, akasema mama, hayo mawili usiyaweke pamoja. Nikamwambia nazi haijikuni yenyewe.

Jumatano, 5 Oktoba

Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Msichana kaandika mpaka kalamu imekwisha wino. Nikamwazima ya kwangu.

Mashaka nusura aharibu. Kaulizwa hali, akajibu sijambo, alhamdulillahi, kama anavyojibu siku zote. Nikakohoa. Akasema sijambo lakini naharisha. Msichana kaandika yote mawili. Mama wa nyumba ya kona yeye kaeleza tumbo lake kwa urefu na mapana, hata mie niliyemtuma nikaona haya.

Na kila nyumba: vitumbua, vitumbua! Nilisimama nyuma ya ukuta nasikia jina langu linatajwa kama la bi harusi.

Nasikia huko chini Kokuberwa kasema ukweli mtupu. Mjukuu wake kalazwa kweli kwa tumbo, wachache wengine wanaumwa, waliobaki wazima. Basi. Mwanamke kasoma mpaka darasa la nane na kuomba pampu hajui.

Jumanne, 18 Oktoba

Bwana afya kaja. Elibariki, kijana mrefu, koti jeupe. Nikajua kaja kupima mahali pa pampu. Nikamfagilia uwanja. Nikamwonyesha pale penye kivuli, ili wachotaji wasiungue jua.

Hakuangalia kivuli. Kaangalia kikaango changu.

Anasema kompyuta imewagawa watu mafungu mawili. Wanaokula vitumbua vyangu, karibu wote wanaharisha. Wasiovila, wengi wazima. Kwa hiyo taabu ya mtaa wa juu si maji. Ni mie.

Mie! Niliyewalisha watu hawa tangu wakiwa na meno ya utoto!

Nikamwambia hicho kitu hakijaonja hata kimoja, kitajuaje? Akasema hakihitaji kuonja. Kachukua unga, kachukua tui, kachukua mafuta, vyote vinakwenda kupimwa. Kikaango kakifunga kamba na kukibandika karatasi yenye muhuri. Nisikaange mpaka majibu yatoke na mtaa uonekane umepona.

Lulu alikaa anakuna nazi isiyo na kazi tena, polepole, huku ananitazama. Bora angesema.

Alhamisi, 20 Oktoba

Hakuna moshi mlangoni kwangu. Watoto wa shule wamenipita kama nyumba ya mtu aliyehama, moja kwa moja kwa Kokuberwa. Mashaka kala andazi mbele ya macho yangu, mafuta kidevuni. Nikamuuliza haoni aibu. Akasema njaa haina mtaa, Bi Tabu.

Jioni Kokuberwa mwenyewe kaja, kashika sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa. Kaniita dada. Kasema anajua mie ni msafi, na nikitaka atakwenda kumwambia bwana afya hivyo hivyo. Yeye neno lake lilikuwa la koo tu, si la tumbo. Nikamwambia sihitaji huruma iliyotiwa hamira.

Nimekula mawili alipoondoka. Si mabaya. Sukari imezidi.

Lulu kanishauri nikamwambie Avelina ukweli, kwamba watu walisema uongo. Kikaango kitafunguliwa na maji yatapimwa. Nikamuuliza anataka Bi Tabu ajulikane Mbagala nzima kwa uongo? Kwanza sikusema uongo mie. Walisema wao.

Kuna njia ya heshima. Mtaa utapona.

Jumatatu, 24 Oktoba

Avelina karudi kuuliza upya. Nilimtangulia nyumba zote tangu alfajiri. Amri ya leo: hakuna mgonjwa. Tumbo hakuna, homa hakuna, hata mafua nimekataza.

Mama wa nyumba ya kona kaninong'oneza kuwa sasa anaharisha kweli, tangu alipokunywa maji ya kisima Jumamosi. Watu wana wakati wa kuumwa! Nikamwambia ajibane mpaka msichana aondoke. Kajibu maswali yote kasimama, miguu kaibana kama mkasi.

Avelina kageuza karatasi zake, kageuza tena. Kaniuliza bibi, ugonjwa wote ule umekwenda wapi? Nikamwambia Mungu mkubwa. Hilo hakuliandika.

Jumamosi, 5 Novemba

Elibariki kaja kukata kamba. Unga wangu safi! Tui safi! Mafuta safi! Nimemfanya aseme kwa sauti, majirani wasikie. Kisha nikamwomba arudie.

Akaongeza kwamba kompyuta nayo imetoa habari njema. Mtaa wa juu sasa ndio wenye afya kuliko mitaa yote waliyoandika. Kwa hiyo pampu inachimbwa mtaa wa chini, mlangoni kwa Kokuberwa.

Nikamwambia ngoja baba, mtaa wangu unaharisha. Akaangalia kikaango. Akaniangalia mie. Akauliza, unaharisha au hauharishi, bibi?

Nimekaanga.

Jumamosi, 26 Novemba

Pampu inatoa maji tangu Jumatatu. Nimejikongoja na goti langu mpaka mtaa wa chini kutafuta kasoro. Maji meupe, baridi, hayana hata chembe ya tope. Mama wa nyumba ya kona anasema tangu ayanywe tumbo limetulia. Sikumuuliza.

Lakini nikaona kitu. Foleni. Foleni ndefu ya watu tangu alfajiri, na mtu aliye kwenye foleni ana njaa. Nimehamishia kikaango changu palepale pampuni, pembeni ya maandazi. Kokuberwa kasogeza benchi lake anipishe. Mjinga wa watu! Vitumbua vimekwisha jua halijawa kali. Sijauza hivi tangu niolewe.

Avelina kapita akiwa na habari mpya. Mwezi ujao wanaandika homa ya malaria, na mtaa wenye homa nyingi utagawiwa vyandarua vilivyotiwa dawa. Kaniomba, kwa upole kabisa, safari hii kila mtu ajibu kwa kinywa chake.

Nimekwisha kupita nyumba zote. Mtaa mzima una homa. Mashaka nimemfundisha kutetemeka mpaka meno yagongane, na anajitahidi. Wakiulizwa wanahisi homa wameipata wapi, waseme pale pampuni, asubuhi, penye ule mkusanyiko wa watu. Kompyuta ikipata habari hiyo itawafukuza wote waliokaa pale, benchi la Kokuberwa la kwanza, na pampu itahamishiwa mlangoni kwangu.

Lulu kafungua mdomo. Nimemwambia aufunge akalale. Kesho unga mara mbili, wateja wa pampuni wamenizidi nguvu.