Swabir wa Kinondo na Vita vya Shokapu Iliyovuja

Nyamazeni, enyi watu wa Galu hadi Msambweni! Zimeni redio, tueni vikombe, maana nawaletea habari za Swabir bin Chirau, simba wa bodaboda, mshika usukani asiyetetereka, na siku alipomwaga mafuta machafu ya shokapu za mbele za pikipiki yake akatia mapya.

Chanzo cha vita kilikuwa buibui. Mama mkwe wake, Bi Mwanapili, mwenye ulimi mkali kuliko upanga, alishuka pikipikini siku ya Ijumaa, akazunguka mbele kuchukua kikapu chake usukanini. Pindo la buibui jipya likagusa shokapu iliyokuwa ikivuja, likatoka na doa linalonuka.

"Mkwe wangu," alitamka, "nakupenda kama mwanangu wa kumzaa. Lakini Jumapili nitakwenda harusini Msambweni kwa pikipiki ya Kheri."

Kheri! Hasimu wake wa kituoni!

Jumamosi asubuhi alijitosa uwanjani, nyuma ya nyumba. Aliiinua pikipiki juu ya kreti la soda, akang'oa gurudumu, akazichomoa shokapu zote mbili. Kwa pupa ya mashujaa akafungua kifuniko cha juu, na springi iliyobanwa humo ikaruka kama mkuki, ikapita juu ya kamba ya nguo, ikazama katika beseni la unga wa maandazi wa mkewe.

"Ewe Swabir!" Husna alinguruma, beseni kiunoni. "Niliikubali posa yako, nikaukubali na mlio wa pikipiki yako. Kula springi sikukubali!"

"Nivumilie, binti Mwanapili! Napigania heshima ya nyumba hii!"

"Ipiganie mbali na unga wangu."

Akamwaga mafuta meusi, yaliyonuka kama pweza aliyesahauliwa juani. Akaibandua sili kuukuu, mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, kwa bisibisi, taratibu, asikikwaruze chuma kinachong'aa, na hapo akakutana na adui uso kwa uso: punje za mchanga zilizojificha chini ya kifuniko cha kuzuia vumbi, zikiutafuna mdomo wa mpira.

"Kumbe ni nyinyi, maharamia!" akazihutubia, akazifuta kwa kitambaa zisibaki hata chembe.

Husna, ambaye hasira zilikuwa zimeanza kumtoka, akatupa jicho. "Ukingo wa bomba hilo utaukata mpira mpya. Livishe nailoni ya mkate kwanza."

Swabir akalivisha, akaipaka sili mpya grisi, akaiteremsha bila mkwaruzo, akaigonga kwa upole hadi ikakaa. Mafuta mapya akayapima kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, kulia sawa na kushoto.

Jumapili Kheri alifika mapema kumchukua Bi Mwanapili, kiti cha pikipiki yake kimefutwa kikang'aa.

"Shikamoo, mama," alisema Swabir. "Nakuomba unijaribu mara moja tu."

"Marahaba. Nitapanda. Lakini hukumu itatolewa Msambweni."

Wakayavuka matuta, wakayavuka mashimo, shokapu ikizama na kuibuka kimya kimya. Mbele ya umati wa harusi Bi Mwanapili alishuka, akatoa leso nyeupe, akaisugua shokapu juu hadi chini, kisha akaiinua leso hewani.

Nyeupe!

"Huyu ndiye mkwe wangu!" alitangaza, na akina mama wakapasua vigelegele hivi kwamba bibi harusi, hina ikiwa mbichi mikononi, alichungulia dirishani kuona ni nani aliyemtangulia kushangiliwa. Akaiona pikipiki.