Unga wa Funza na Mkono wa Mama

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Binti yangu ameniachia bwawa! Bwawa zima, mimi niliyeishia shule ya msingi! Yeye kaenda kwenye mafunzo ya ufugaji, atarudi Alhamisi. Ijumaa anakuja mwenye hoteli kuangalia samaki. Akiwapenda, atakuwa mteja wa kudumu. Kazi yangu: chakula cha kawaida, juu yake kopo moja la unga wa funza. Funza anawafuga mwenyewe, anakausha, anasaga. Kichwa hicho! Akasema mama, unga ni nyongeza tu, usizidishe. Nikamwambia nimekulea wewe, samaki watanishinda?

Jumanne, tarehe 4
Wifi kachungulia uani. Eti samaki wembamba kama njiti. Eti nani atakula samaki wa funza? Nikamuuliza kuku wake kule jalalani wanadonoa nini, biskuti? Kanywea! Ila huo wembamba umenichoma. Nimeongeza kopo. Na jingine. Wanavyogombania, maskini! Mtoto hanyimwi chakula.

Jumatano, tarehe 5
Hawagombanii tena. Unga unaelea. Nikasema wananionea haya, nikaongeza. Jioni maji yananuka, samaki wote juu, midomo wazi. Nikajua wanaomba. Nikawapa. Ee Mola, nikawapa!

Alhamisi, tarehe 6
Wamekufa. Karibu wote, matumbo juu. Binti kasema chakula kilichobaki kimeoza na kumaliza hewa ya majini. Walikuwa wanatafuta pumzi, si unga. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, mama, kopo hukuliona? Akaingia majini na nguo za safari, akawa anawaopoa. Mimi nimeshika ndoo, nawapokea mmoja mmoja. Kisha akampigia mwenye hoteli asije. Kwa adabu, sauti ya chini. Adabu ile ndiyo iliyoniliza. Majuto ni mjukuu. Wangu nimempakata kabla binti hajaolewa.

Jumamosi, tarehe 8
Kabadilisha maji. Waliopona wanakula! Kanisamehe, ila kopo kalifungia kabatini. Nimeapa: bwawani sikanyagi, mdomo sifungui.

Wifi kapita. Eti poleni na msiba. Msiba! Nikamwambia mwenye hoteli kapenda mno, na tunafanya karamu, samaki wa binti yangu kwa kila mtu. Nimeshawaalika majirani, mashemeji na mwenye duka. Binti bado hajui.

Samaki waliobaki ni wembamba kidogo, kweli. Lakini gunia la unga liko wazi. Kopo la nini, mkono ninao! Jumapili ijayo, waje wote.